Peugeot ya Guka Haijauawa na Injini, Imeuawa na Kioo

Wasee, injini ya Peugeot 504 fundi mzuri wa Kirinyaga Road atakurudishia. Gasketi inakatwa, chuma inachomelewa. Lakini kioo cha mbele kikipasuka, hapo ndio watu huanza kuulizia bei ya skrapu.

Guka wangu ako na moja, wagoni ya zile zilikuwa zinabeba abiria kwenda Western enzi hizo. Injini inawaka, kioo cha mbele hakuna. Anko anataka ikatwe iuzwe kwa kilo. Mimi nimekataa, na nikaamua kufuata hii kitu ilianzia wapi.

Inasimuliwa kwamba mwaka wa 1903 mkemia Mfaransa, Édouard Bénédictus, aliangusha chupa ya maabara. Ikapasuka lakini vipande havikutawanyika, sababu ndani kulikuwa na utando wa kemikali iliyokauka. 1909 akasajili uvumbuzi wake: vioo viwili na utando katikati. Hadi leo kioo cha mbele hutengenezwa hivyo, na kikiwa bapa, fundi anaweza kukikata. Anachora mstari juu, anageuza, anachora chini, kisha anakata ule utando.

Vioo vya pembeni na nyuma mara nyingi ni aina nyingine. Vinapashwa moto kupita nyuzi 600, halafu vinapulizwa hewa baridi ghafla. Vinakuwa vigumu sana, lakini ukijaribu kuvikata baadaye, vinageuka changarawe. Lazima vikatwe kwanza ndio viingie moto. Campus niliacha, lakini hii somo fundi wa vioo alinifunza kwa dakika tano.

Sasa angalia magari mawili. Land Rover ilitoka 1948 ikiwa na vioo bapa. Ndio maana kule Maua, Meru, zile kuukuu bado zinapanda milima na mizigo. Kioo kikivunjika, fundi anapima, anakata, anarudisha, na safari inaendelea.

Peugeot 504 ilitoka 1968, na kioo chake cha mbele kimepinda. Umbo kama hilo halikatwi kwa meza. Linataka kalibu yake na tanuri. 504 iliunganishwa hapa Kenya, na 1975 Ove Andersson akashinda nayo Safari Rally. Ilikuwa gari ya kila mtu: mwalimu, daktari, serikali. Halafu soko likaisha, na bila soko hakuna mtu huweka kalibu.

Hapo ndio nina shida na vile tunasimulia historia yetu. Tukisema urithi, tunataja madereva na vikombe. Hatuulizi nani anaweza kutengeneza tena kile kitu. Gari inaishi kama kuna mtu karibu anaweza kuunda kipande chake, na bila huyo mtu inabaki picha.

So kama unatafuta kioo, soma kwanza alama kwenye kona yake, itakuambia aina na mtengenezaji. Usiangalie wagoni peke yake. Saloon na pikapu zinafanana uso, kwa hivyo beba vipimo ulinganishe. Uliza pia walio na watu Nigeria, sababu kiwanda cha Kaduna kiliunganisha 504 hadi miaka ya 2000. Na ukipata gari ya kutolea, kata mpira, usikwangue kioo kwa bisibisi. Mpira utapata mwingine.

Na wewe uliye na 504 imelala shambani na unataka kuiuza: mwenye skrapu ananunua chuma. Kioo kwake hakina bei, anakiponda kwa nyundo ndio mzigo uwe safi. Tafadhali, kitoe kwanza. Kuna mtu amekitafuta miaka, na mmoja wao ni guka wangu.