Fataki Kuukuu

Neno fataki, msomaji, huenda likakukumbusha milio ya sikukuu. Walakini wazee wetu wa pwani, katika karne ya 19, walilitumia pia kwa kitu kingine: kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa ndani yake, ambacho hugongwa na kinyundo cha bunduki kikatoa moto wa kuiwasha baruti. Kabla yake palikuwa na gumegume, bunduki iliyotegemea jiwe kugonga chuma. Na mvua iliponyesha, mwenye gumegume alikuwa kama mwenye fimbo.

Dawa hiyo ilikuwa kali tangu mwanzo. Mwaka 1800 Mwingereza Edward Howard alieleza jinsi fulmineti ya zebaki inavyotengenezwa, unga unaolipuka kwa kugongwa au kusuguliwa tu. Majaribio yake yakamjeruhi, akayaacha. Alexander Forsyth, mchungaji wa kanisa la Belhelvie huko Scotland, hakuogopa. Husemwa kwamba bata aliowawinda waliuona mwako wa gumegume wakazamia majini kabla ya risasi kufika. Mwaka 1807 alipewa hati ya uvumbuzi wake wa kuwasha baruti kwa kugonga dawa. Jeshi la Uingereza lilipojaribu bunduki za namna mbili hizo huko Woolwich mwaka 1834, kila namna mara 6,000, gumegume zilikataa kulia mara 922, na zile za fataki mara 36 tu.

Basi usistaajabu kwamba Mapatano ya Brussels ya mwaka 1890, yaliyozuia silaha kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, yaliacha mlango wazi kwa gumegume. Mataifa ya Ulaya yalijua vema ni bunduki ipi ya kuogopwa.

Kufikia mwaka 1866, Boxer wa Uingereza na Berdan wa Marekani walikuwa wamebuni fataki za kutiwa kitakoni mwa ganda la risasi. Fataki hufa kwa pigo moja, bali ganda laweza kujazwa tena. Na huko Marekani wawindaji wengi hulijaza wenyewe nyumbani hata leo. Hapo ndipo mwanafunzi wa kazi hiyo, akirithi kisanduku cha fataki cha babu yake, hudhani kuwa umri umezipooza. La hasha. Unyevu na joto huweza kuzidhoofisha baadhi, na nyingine zikabaki kali kama siku zilipotengenezwa, wala jicho haliwezi kuzitenga. Zenye zebaki huidhoofisha shaba ya ganda hata ikapasuka upesi. Zenye kloreti huacha chumvi inayovuta maji ya hewani, na kasiba ikaliwa na kutu. Hata jeshi la Marekani liliendelea kutumia za kloreti mpaka miaka ya 1950.

Mafundi wa kazi hiyo hushika mambo machache, nami nayaona ya busara. Fataki hukaa katika kisanduku chake cha asili, kila moja katika kishimo chake. Zikimiminwa katika chupa, moja ikilipuka huziamsha zote kwa pamoja, na chupa ikageuka bomu. Hawaamini maji wala mafuta kuziua, maana zilizolowa zaweza kukauka zikalia tena. Huvaa miwani ya kukinga macho. Na bunduki ikikataa kulia, huiacha imeelekezwa mahali salama kwa nusu dakika au zaidi, kwani moto huweza kuchelewa njiani. Kisanduku kisichojulikana asili yake hakitumiwi kabisa. Hukabidhiwa wenye mamlaka wakakiharibu.

Usidhani haya ni ya ng'ambo tu. Mwaka 1916 Waingereza na Wajerumani walipigana vikali huko Taveta, katika vilima vya Salaita na Latema, na masalio ya vita hivyo yangali yakiokotwa. Fataki za risasi za Kiingereza za wakati ule zilikuwa na fulmineti ileile ya Howard. Ukiona huko risasi nzima, au ganda ambalo kitako chake hakina kidimbwi cha kugongwa, fataki yake haijalipuka bado. Liache papo hapo, utie alama pembeni, ukawaarifu polisi.