Kupora na Nyara

Kiswahili hutofautisha mwizi na mporaji: mwizi hujificha, mporaji hunyang'anya mchana, mbele ya mwenye mali. Nyara nazo ni mali iliyotekwa vitani. Anayeziita hivyo huziona kuwa haki yake.

Tarehe 23 Septemba 1991, askari wa Ndjili, Kinshasa, waliokuwa wakilipwa mshahara duni, waliasi na kuvunja maduka. Raia wakawafuata, mwezi wa Oktoba ikawa zamu ya Lubumbashi. Januari 1993 askari wakarudia, baada ya wafanyabiashara kukataa noti za zaire milioni 5 walizolipwa. Wazee wenu husema tu "wakati wa pillage", kana kwamba ilinyesha mvua. Kitenzi kupora kingedai mtendaji: nani alipora, na nani aliporwa?