Bunduki bila baruti ni fimbo: habari ya magobori katika Katanga

Katika historia ya Katanga tunasoma mara nyingi juu ya shaba, juu ya pembe za tembo na juu ya wafalme. Juu ya bunduki tunasoma maneno machache tu, kana kwamba bunduki zote zilikuwa kitu kimoja: aliyekuwa nayo alishinda, asiyekuwa nayo alishindwa. Lakini sivyo. Bunduki walizozipata wazee wetu katika karne ya 19 zilikuwa za bei ndogo, nazo zilitengenezwa hasa kwa kuuzishwa Afrika. Basi tuulize: wenye kuzinunua walipata faida gani, na taabu gani?

I. Zilitoka wapi?

Nyingi zilitoka Ulaya, na hasa katika mji wa Liège, inchi ya Ubelgiji. Huko mafundi wa bunduki walikuwa wengi tangu zamani. Nyumba ya kupimia nguvu ya mitutu ilianzishwa mwaka wa 1672. Fundi mmoja alifanya mtutu, mwingine mtambo, mwingine kitako cha mti, na kwa hiyo bei ilishuka. Tena bunduki kuukuu za waaskari zilitengenezwa upya, zikapelekwa ngambo. Katika Angola watu walipenda bunduki iliyoitwa lazarina, kwa jina la fundi wa Ureno, Lazarino. Watu wa Liège walipoona hivyo, wakaandika jina hilo juu ya mitutu yao wenyewe, wakaiuzisha.

Hizo zote zilikuwa magobori, maana yake bunduki za kushindiliwa kwa mdomo. Nyingine zilikuwa za gumegume: jiwe lapiga chuma, cheche yaanguka katika baruti. Nyingine, zilizokuja nyuma, zilikuwa za fataki.

Wakati uleule Ulaya ilikuwa imekwisha kwenda mbele. Mwaka wa 1845 Bwana Flobert wa Paris alitengeneza risasi ndogo yenye fataki yake ndani ya ganda. Mwaka wa 1857 Smith & Wesson wa Marekani waliendeleza akili hiyo katika bastola yao. Mwenye bunduki ya namna ile hakuogopa tena mvua, wala hakubeba pembe ya baruti. Basi mambo yaliyoanza kuachwa kwao ndiyo yaliyoletwa kwetu.

Yalikuja kwa njia mbili. Upande wa mangaribi wafanya biashara wa Bihé, katika Angola, walileta bunduki na baruti, wakarudi na pembe, shaba na watumwa. Upande wa mashariki njia ilitoka Unguja na Tabora. Kwa njia hiyo ya mashariki Tippu Tip alifika kwa Nsama wa Itabwa mwaka wa 1867. Nsama alikuwa na wapiga mishale wengi, naye alishindwa na watu wachache wenye bunduki.

II. Wenyewe waliona nini?

Mtu aliyenunua gobori alijifunza upesi kwamba lina masharti yake. Baruti ikilowa, halilii. Jiwe likichakaa, halilii. Kulishindilia kulitaka wakati, na mpiga mishale alitupa mishale mingi kabla ya risasi ya pili. Mtutu haukuwa na mifuo ndani, kwa hiyo risasi haikwenda sawa mbali. Mwindaji wa tembo alipaswa kumkaribia sana mnyama, tena kama hakumwua mara ya kwanza, mwenyewe alikuwa katika hatari ya kufa. Wengi walitia baruti nyingi mno, wakidhani kwamba kishindo kikubwa ni nguvu kubwa. Mtutu wa bei ndogo ulipasuka, ukaharibu mkono au macho ya mwenyewe.

Lakini wazee wetu hawakukaa bure na taabu hizo. Wafua chuma walijifunza kutengeneza mitambo na vitako. Watshokwe walisifiwa sana kwa ufundi huo: waliweza karibu yote isipokuwa mtutu. Katika Katanga Wayeke waliyeyusha shaba, wakaifanya risasi. Kwa wawindaji wa Wandembu, jamaa za Walunda, palikuwa na chama chao wapigao bunduki, mbali na chama cha wapigao upinde, nacho kilikuwa na heshima na miiko yake. Basi bunduki ya mgeni ikawa kitu cha mukini.

Kitu kimoja tu kilibaki mikononi mwa wengine: baruti nzuri. Mtu aliweza kununua bunduki mara moja, lakini baruti alipaswa kuinunua kila mwaka. Na alilipa kwa nini? Kwa pembe, na pembe zilipopungua, kwa watu. Hapo ndipo tunapoona bei ya kweli ya bunduki ya bei rahisi. Mwenye kuihesabu kwa nguo na shaba tu asema uwongo. Ihesabiwe vilevile kwa watoto wa watu waliofungwa na kupelekwa pwani.

III. Msiri na baruti yake

Msiri alikuwa mtoto wa Kalasa, mfanya biashara wa shaba kutoka kwa Wasumbwa, upande wa mangaribi wa Unyamwezi. Alikaa Katanga na watu wake wenye bunduki chache, katika inchi ambayo watu wengi hawakuwa nazo. Akawasaidia wakubwa wa inchi katika vita vyao, na mwishowe akawa mkubwa juu yao. Mji wake ulikuwa Bunkeya, kaskazini-mangaribi ya Lubumbashi ya leo. Alishika njia ya Bihé kwa nguvu zote. Hata alimwoa Maria de Fonseca, wa jamaa za wafanya biashara wa huko. Aliyatoa magobori na baruti kwa wakubwa wake, nao wakamletea pembe. Mmisionari Arnot, aliyefika Bunkeya mwaka wa 1886, aliandika habari za mji huo katika kitabu chake Garenganze.

Lakini ufalme uliosimama juu ya baruti waanguka baruti ikikosa. Mwaka wa 1891 Wasanga waliasi, wakaziba njia. Baruti ikawa haba. Katika mwaka uleule wajumbe wa Leta ya mfalme Léopold walifika mmoja nyuma ya mwingine: Le Marinel, Delcommune, kisha Stairs. Watu wa Stairs walikuwa na bunduki za kutiliwa risasi nyuma. Tarehe 20 Desemba 1891 Bodson alimwua Msiri kwa risasi, na Bodson naye akapigwa, akafa. Wengine wamesema kwamba Wazungu wachache walishinda ufalme mkubwa kwa uhodari. Sisi tunaona neno jingine: ufalme ulikuwa umekwisha choka, na magobori yake yalikuwa na njaa.

IV. Sheria ya Brussels

Mwaka wa 1888 Kardinali Lavigerie alikuwa amezunguka Ulaya akilia juu ya biashara ya watumwa. Mkutano wa Brussels ukafuata, na tarehe 2 Julai 1890 mataifa yakaandika sheria. Ilikataza kuingiza bunduki za namna mpya katika Afrika, tangu digrii 20 kaskazini hata digrii 22 kusini. Ila iliacha mlango mmoja: bunduki za gumegume zisizo na mifuo, na baruti ya kawaida ya biashara, viliweza kuuzishwa kwa ruhusa.

Kusudi la kukomesha utumwa lilikuwa jema, na hatulikatai. Lakini tazama matokeo yake. Waaskari wa Leta walishika bunduki ya Albini, ya kutiliwa risasi nyuma. Mwananchi aliruhusiwa lile gobori la babu yake. Wakati wa ukoloni wa Ubelgiji ilikuwa vivyo hivyo: mwindaji wa mukini aliweza kupata ruhusa ya gobori la fataki, na asiye na karatasi alinyanganywa. Na katika vita vya Katanga tangu mwaka wa 1960, vijana wengi wa Waluba wa kaskazini walipigana kwa mishale na kwa magobori ya wafua chuma, mbele ya bunduki za mashini.

V. Neno la mwisho

Historia hii yatufundisha kupima kitu, si kwa bei ya siku ya kukinunua tu, bali kwa gharama ya kukiweka. Wazee wetu hawakuwa wajinga: walijifunza gobori, walilitengeneza, waliliyeyushia shaba yao. Walilokosa ni kushika chanzo cha baruti. Leo pia vyombo vingi vyafika Lubumbashi kutoka ngambo kwa bei rahisi, na shaba yetu yatoka kwa njia ileile ya zamani. Mwenye kununua aulize kwanza: baruti ya kitu hiki iko mkononi mwa nani?