BUSTANI YA KANDO YA ZIWA NA JINA LA JANE ADDAMS



Kamati ya jamii imetutaka sisi walimu tuandike habari ya historia katika toleo hili la kumbukumbu. Sababu yake mnaifahamu. Lipo pendekezo kwamba uwanja ulio kando ya ziwa letu la Nakivale upewe jina la mama yetu aliyejitolea miaka mingi kwenye bomba la maji, akipanga foleni za jerikeni na kusafisha mfereji, hadi mauti yalipomkuta. Wako wanaoliunga mkono, na wako wanaonung'unika. Kabla hatujaendelea kubishana, tumeona ni vema tusimulie jinsi mji mmoja mkubwa ulivyofanya jambo kama hilo.

Mji huo ni Chicago, katika jimbo la Illinois, nchini Marekani. Umejengwa kwenye ukingo wa Ziwa Michigan. Kando ya ziwa hilo, karibu na ufuko wa mchanga uitwao Ohio Street, ipo bustani ya kumbukumbu ya Jane Addams, iliyozinduliwa mwaka 1996. Jirani yake kuna kiwanda cha kusafisha maji ya ziwa ili watu wayanywe, na kiwanda hicho ni miongoni mwa vikubwa kabisa duniani. Sisi tunaokunywa maji ya ziwa yaliyokwisha kusafishwa tunaona kwamba ujirani huo unafaa sana, kama tutakavyoeleza.

Jane Addams alizaliwa mwaka 1860 katika kijiji cha Cedarville. Baba yake alikuwa mtu mwenye mali, naye alipofariki mwaka 1881 alimwachia binti yake urithi. Baadaye Jane alisafiri Ulaya, na huko London akaiona Toynbee Hall, nyumba ambamo wasomi waliishi katikati ya maskini. Mwezi Septemba 1889, yeye na rafiki yake Ellen Gates Starr walihamia katika nyumba kuukuu kwenye barabara ya Halsted, iliyokuwa imejengwa na tajiri aitwaye Charles Hull. Ndiyo maana ikaitwa Hull House.

Majirani zao walikuwa wageni watupu: Waitaliano, Wagiriki, Wajerumani, Wabohemia, na Wayahudi waliokimbia mateso katika milki ya Urusi. Wengi hawakujua Kiingereza. Walipanga vyumba vya kubanana na kufanya kazi katika viwanda hata na watoto wao. Hull House ikawafungulia shule ya chekechea, masomo ya jioni, bafu na mahali pa kukutania. Wasaidizi walioishi humo hawakupokea mshahara wa nyumba hiyo. Walijilipia wenyewe chakula na malazi. (Ndugu zetu wanaouliza posho kabla mkutano haujafunguliwa wasitukasirikie kwa kulitaja hili. Na haki isemwe pia: Jane Addams alikuwa na urithi, mama yetu alikuwa na turubai na kadi ya chakula.)

Jambo tunalopenda kulikazia ni habari ya takataka. Katika vichochoro vya mtaa ule yalikuwako masanduku makubwa ya mbao ya kutupia taka. Yalifurika, yakaoza, na watoto walicheza juu yake. Watoto walikufa kwa wingi. Wanawake wa Hull House walizunguka nyumba kwa nyumba wakiandika makosa, wakapeleka malalamiko yao kwa idara ya afya ya mji, mamia kwa mamia. Yalibadilika machache. Mwaka 1895 Jane Addams aliomba yeye mwenyewe zabuni ya kuzoa taka za kata ile, kata ya 19. Ombi lake lilikataliwa, lakini habari ilienea mjini, na meya akamteua kuwa mkaguzi wa taka kwa mshahara wa dola 1,000 kwa mwaka.

Basi mwanamke aliyesoma chuo akawa anaamka saa kumi na mbili asubuhi kuyafuata magari ya taka yaliyovutwa na farasi, kuhakikisha kwamba yanafika hadi jalalani. Alimlazimisha mkandarasi aongeze magari kutoka 9 hadi 17. Katika njia moja nyembamba walichimbua uchafu inchi 18, wakakuta chini yake barabara iliyosakafiwa ambayo wakazi hawakujua kuwa ipo. Baada ya muda kata yao, iliyokuwa ya tatu mjini kwa wingi wa vifo, ikashuka hadi ya saba. Hapo ndipo tunapouona uhusiano wake na kile kiwanda cha maji: wote wawili kazi yao ni kuondoa uchafu ili watoto waishi.

Mengine tutayataja kwa ufupi. Mwaka 1899 yeye na wenzake walisaidia kuanzishwa kwa mahakama ya kwanza ya watoto nchini humo. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 alihubiri amani, na wananchi wengi wakamwona msaliti. Mwaka 1931 alishirikiana na Nicholas Murray Butler katika tuzo ya Nobel ya amani. Alifariki tarehe 21 Mei 1935.

Sasa turudi kwenye bustani. Ndani yake iliwekwa kazi ya mchongaji Louise Bourgeois: mikono ya mawe meusi, mingine ya wazee, mingine ya watoto, juu ya vinara vya mawe. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini watu waliiharibu, ikabidi iondolewe, na mwaka 2011 ikawekwa katika bustani nyingine ya mji huohuo. Na ule mtaa wa wageni je? Katika miaka ya 1960 sehemu kubwa ilibomolewa ili kujenga chuo kikuu, na wakazi wakatawanyika ingawa walipinga. Katika majengo 13 ya Hull House yalibaki mawili tu, ambayo ni jumba la makumbusho. Chama kilichoendeleza huduma zake kilifungwa mwaka 2012 kwa kukosa fedha. Hata barabara kuu ya kulipia ilipewa jina lake mwaka 2007, na madereva wanaipita kila siku.

Kutoka barabara ya Halsted hadi bustani ile ya ziwani ni mwendo wa takriban saa moja kwa miguu. Mama wa Kiitaliano wa mwaka 1895, mwenye mtoto mgonjwa na ndoo ya taka mkononi, asingefika huko mara nyingi. Kwa maoni yetu, mji wa Chicago ulichagua mahali pazuri pa kutazama, ukaacha mahali ambapo kazi ilifanyika.

Hatupingi uwanja wa ziwani upewe jina la mama yetu. Vijana wanacheza mpira pale, nao walimpenda. Ila tangu afariki, mfereji wa pale bombani umeziba. Maji machafu yanasimama mpaka njiani wanakopita watoto wa shule, na wiki iliyopita tumeona mtoto akiyachota kwa kopo. Kwa hiyo tumemwomba katibu wa kamati kwamba, katika mkutano ujao, neno la mfereji lijadiliwe kabla ya neno la kibao, na majina ya watakaoshika majembe yaandikwe siku hiyohiyo. Sisi walimu tumekwisha kuandika ya kwetu.