Ukiachishwa kazi kwa sababu ya mimba

Mama unayefanya kazi katika hoteli za Utende au kwingine Mafia, mimba si sababu halali ya kuachishwa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au 100 ukijifungua watoto zaidi ya mmoja. Ukirudi, mwajiri akuruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi.

Ukiachishwa, una siku 30 tu za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Usizimalize kwa kumbembeleza meneja: ukiwa na kichanga, na pengine boti ya Nyamisati ya kusubiri, zinakwisha upesi. Tunza mkataba, hati za mshahara na kadi ya kliniki.