Underground Atlanta
Underground Atlanta ni eneo la maduka na burudani katikati ya jiji la Atlanta, Georgia, nchini Marekani. Miaka ya 1920, barabara za juu zilipojengwa kupita reli, wenye maduka walihamia ghorofa ya pili na mitaa ya awali ikabaki chini. Mwaka 1969 mitaa hiyo ilifunguliwa upya kwa baa, mikahawa na muziki. Hofu ya uhalifu na ujenzi wa reli ya MARTA, mfumo wa usafiri wa umma wa Atlanta, uliobomoa sehemu yake, viliidhoofisha hadi ikafungwa 1980. Ilifufuliwa 1989, wateja wakapungua tena, na jiji likaiuza 2017. Wenyeji hukumbuka kwa hamu taa zake za gesi, matao ya mawe na sanamu kubwa ya tunda la pichi iliyoteremshwa usiku wa Mwaka Mpya.