Anwani za makazi: Jinsi ya kuitambua nyumba ya Wiyoni

MJINI Lamu, mtu akiulizwa aishipo hutaja mtaa, msikiti ulio karibu au jina la mwenye nyumba. Katika Mji wa Kale, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, Mkomani, Langoni na Usita wa Mui ni majina yatoshayo kwa mwenyeji. Lakini katika makazi yaliyo nje ya mji huo, kama Wiyoni, maelezo hayo hayamfai mgeni, sembuse mkunga au mzimamoto aitwaye usiku.

Anwani ya posta haiondoi shida hiyo. Msimbo 80500 ni wa posta ya Lamu, na Sanduku la Posta huonyesha barua itakakochukuliwa, si nyumba ilipo.

Mfumo sanifu wa anwani huundwa kwa hatua nne.

Mipaka: Kila mtaa huchorewa mpaka usioingiliana na mwingine.

Majina: Kila njia hupewa jina moja lisilorudiwa mjini. Lamu, ambako watu hupita kwa miguu na punda, vichochoro sharti vihesabiwe. Ramani ya barabara za magari pekee itawaacha wakazi wengi.

Namba: Zipo njia mbili. Ya kwanza ni mfululizo, ambapo nyumba mpya ikijengwa kati ya namba 4 na 6 hulazimika kuitwa 4A. Ya pili hufuata umbali: mlango ulio mita 46 kutoka mwanzo wa njia hupewa 46, shufwa zikiwa upande mmoja na witiri upande wa pili. Palipo na viwanja vitupu, njia hii hufaa zaidi kwani huacha nafasi.

Majira ya kijiografia: Latitudo na longitudo za kila mlango hupimwa kwa setelaiti. Sekunde moja ya latitudo ni takriban mita 31, eneo liwezalo kubeba nyumba kadhaa zilizosongamana. Kwa hiyo vipimo huandikwa hadi sehemu ndogo za sekunde.

Tanzania ilitekeleza Operesheni ya Anwani za Makazi mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti 23. Huko anwani huunganisha namba ya nyumba, jina la barabara na postikodi ya tarakimu 5 inayotambulisha kata. Kimataifa, Umoja wa Posta Duniani una kiwango S42 kinachoainisha sehemu za anwani na mpangilio wake.

Hata hivyo, anwani si hati ya kumiliki ardhi. Hutambulisha mlango, wala haiamui kiwanja ni cha nani. Jambo hilo lisipofafanuliwa mapema, mkazi asiye na hati huweza kukiogopa kibao cha namba, na mwingine akakitumia kama ushahidi wa umiliki. Daftari nalo lahitaji ofisi ya kulihuisha kila nyumba inapojengwa au kubomolewa. Pasipo hilo, vibao husalia ukutani huku ramani ikipotosha.